Walimtazama Pacha Wangu Wakanioa Mimi

Mwanamke mmoja niliyekaa naye benchi moja hospitalini mwezi uliopita aliniuliza, "Dada, wewe ulipona aje?" Alikuwa amemleta binti yake, msichana mkubwa aliyekaa katikati yetu akiangalia sakafu. Nilipomtazama yule msichana nilijua kwamba haoni sakafu wala haoni chochote. Nikafungua mdomo nijibu, na jina lao likaitwa. Waliingia ndani, sikuwaona tena. Haya ndiyo ningemwambia kama dresa aliyewaita angechelewa kidogo. Hayana dawa ndani yake, na anayetafuta dawa aende kwa wenye nayo. Mimi ninachojua ni kungoja.

Naitwa Rebeka Mulongo. Kwetu Bungoma mtu akisikia Mulongo huuliza papo hapo, "Na Mukhwana yuko wapi?" kwa sababu hayo ni majina ya mapacha: anayetangulia kutoka ni Mukhwana, anayemfuata ni Mulongo. Mukhwana wangu ni Roda. Tunafanana hata leo watu wakituona pamoja sokoni hucheka. Alinitangulia kuzaliwa, akanitangulia kusoma, akanitangulia kuolewa. Katika ugonjwa peke yake ndiko nilikomtangulia mimi, au ndivyo tulivyoamini wote.

Mama yetu alipotuzaa alinyamaza. Watu walisema ni uchovu, halafu wakasema ni macho ya majirani, kwa kuwa mapacha huleta maneno. Alilala akitazama ukuta, nasi tukilia alitusikia kama mtu anavyosikia ng'ombe wa jirani. Maziwa yakapungua. Ndipo dada ya baba, ambaye sisi humwita senge, alipokuja kutoka Kibabii akambeba Roda mgongoni. "Akianza kutembea nitamrudisha," alisema. Roda alitembea, akakimbia, akaingia shule, na hakurudishwa. Baba naye alipata kazi kwenye shamba la mzungu nje ya Kitale, akatuhamishia huko mama na mimi. Kwa hiyo tumbo lilikuwa moja na siku ya kuzaliwa ilikuwa moja, lakini nyumba zilikuwa mbili.

Nyumba ya senge ilikuwa ya kelele. Wageni wa kanisa, kuku, watoto wa watu, nyimbo za kusifu kabla jua halijatoka. Senge hakumwacha mtu akae bure. Ukikaa alikupa maharage ya kuchambua. Nyumba yetu ilikuwa kimya. Mvua za kwanza zilipoanza, wanawake wote pale shambani walichukua majembe, mama akachukua kitanda. Baba alipika akiwa amefunga mlango, maana mwanamume wa Kibukusu kuonekana akisonga ugali ni aibu ya kusimuliwa mpaka Suam. Moshi ulijaa ndani tukakohoa wote watatu. Nilijifunza kutouliza. Nilijifunza kutembea bila kusikika na kuosha sufuria bila kuigonga. Mahindi yalipofika magotini mama aliamka, akachana nywele, akauliza habari za majirani kama mtu aliyetoka safari. Hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi. Mwaka uliofuata mambo yakawa vilevile.

Alikufa wakati wa vita, kwa homa. Roda alikuja mazishini na senge, akalia kwa sauti mpaka watu wakamshika. Mimi sikulia. Nilimsikia mwanamke mmoja nyuma yangu akisema, "Huyu sasa ndiye mama yake mtupu," na maneno hayo yakaniingia yakakaa.

Kwetu mtu haoi msichana, anaoa ukoo. Kabla ng'ombe hawajatoka zizini, watu wa mvulana hutuma wajumbe waulize: je, kuna wachawi? Kuna kifafa? Kuna aliyepotewa na akili? Yohana alinipenda Kitale, alipokuwa akiendesha ng'ombe wa jembe shamba la jirani, lakini wajumbe wa mama yake hawakuja Kitale. Walikwenda Kibabii, penye makaburi ya babu zetu, maana ni nani atakayeulizia ukoo kwenye shamba la mzungu? Walipofika walimkuta Roda akiongoza wanawake kuimba kanisani, mnene, mcheshi, meno nje. Pacha ni mtu mmoja, wakasema, ukimwona huyu umemwona na yule. Wakamwuliza senge mama yetu alikufa kwa nini, naye akajibu, "Homa." Ilikuwa kweli, ila haikuwa yote. Wakala kuku wakarudi kwao wameridhika. Walimtazama pacha wangu wakanioa mimi.

Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri na sina sababu ya kuificha. Yohana si mtu wa maneno mengi lakini ana mzaha wa pembeni, anasema jambo akiangalia kwingine, wewe ndiye unabaki kucheka kama mjinga. Tulipata Loise, mtoto wa mashavu, aliyetembea na gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa na kuliita mtoto wake. Mama mkwe alikuja kutoka Naitiri, alikokaa kwenye shamba jingine, akambeba mjukuu na kusema nimeleta baraka. Aliimba siku hiyo, nakumbuka.

Sasa nataka niseme wazi, kwa sababu watu wote waliniuliza na hakuna aliyetaka jibu langu: hakuna kilichotokea. Sikufiwa, sikupigwa, sikulogwa. Ghala lilikuwa na mahindi. Mvua za kwanza zilinyesha, harufu ya udongo ikaingia mlangoni, nikaketi kitandani nivae nitoke, na nikabaki nimeketi.

Ugonjwa ulianzia mdomoni. Chakula kilikosa ladha, ugali na mboga na chai vyote vikawa kitu kimoja. Halafu ukashuka miguuni. Kutoka kitandani mpaka mlangoni kulikuwa mbali, nikifika nilisahau nilichofuata. Nywele zilitoka kwenye kitana kwa mafungu. Siku zangu za mwezi zilikoma, majirani wakadhani nina mimba wakanipongeza. Leso niliyozoea kujifunga mara moja ilinizunguka mara mbili. Sikuoga. Nilinuka, na nilijua kwamba ninanuka, na kujua hakukunisaidia kusimama. Loise alikuja akaweka lile gunzi lake kwapani pangu, akasema, "Mama, mshike, analia." Nilimwona. Nilitaka kumshika. Mkono haukuinuka, akangoja, kisha akamchukua mtoto wake akaondoka. Kama kuna kitu katika ugonjwa wote ambacho bado kinanichoma, ni vile alivyoondoka bila kelele, akitembea kwa vidole. Nilijua ni wapi nilijifunza kutembea vile.

Yohana alipika, na hakufunga mlango. Wenzake walipita wakacheka. Mmoja akamwita, "We Yohana, siku hizi uko mama wa nyumba?" Naye akajibu bila kugeuka, "Ingia uonje bana, chumvi iko." Huo ulikuwa wema mdogo, lakini mtu aliyelala huona wema mdogo zaidi ya mtu aliyesimama.

Alinipeleka hospitali ya Kitale, upande wa Waafrika. Tulikaa barazani tangu asubuhi, benchi limejaa: mwenye jipu, mwenye mkono uliokatwa na panga, watoto wa kifua. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kuonyesha. Mzee mmoja aliniuliza, "Na wewe unaumwa wapi?" nikatafuta mahali pa kumwonyesha, nikakosa. Mwanamke wa Kikuyu mwenye mguu uliovimba aliona kitambaa changu kimelegea. Alinivuta kichwa taratibu akakifunga upya, bila kuniuliza jina, kisha akarudi kuutazama mguu wake. Nilitamani jina lake lisiitwe ili aendelee kukaa karibu nami.

Daktari mzungu aliuliza kwa mkalimani kama kuna mtu mwingine kwa familia mwenye hali hii. Yohana akasema hapana, na kwa kadiri alivyojua alisema kweli. Mimi nilinyamaza. Tulipewa dawa ya maji kwenye chupa, ya chumvichumvi, nikalala usingizi mzito usio na mapumziko, mikono ikaanza kutetemeka. Mvua ile yote ilikuwa mvua ya dawa ya chupa. Palizi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mahindi yalifika magotini, yakafika kiunoni, na mimi sikuamka kama mama alivyokuwa akiamka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kuna asubuhi nyingi nilizosikitika kwamba nimeamka.

Mama mkwe alikuja mahindi yalipochanua. Alisimama mlangoni akaniangalia, kisha akamgeukia mwanawe.

"Huyu ni mgonjwa ya nini?"

"Daktari anasema ni mawazo."

"Mawazo! Mimi nimezika watoto watatu na siku ya pili nikaenda kupalilia. Sijalala na mawazo. Si jirani yenu ameniambia hapo njiani? Ati mama yake alikuwa hivi hivi, kila mvua. Wewe ulijua?"

Yohana alinitazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Sikujua," akasema.

"Na wale watu nilituma walikula kuku ya bure," akasema mama mkwe. Akaketi kwenye kigoda, akamwita Loise, naye Loise akaja akitembea kwa vidole. Mama mkwe aliona. Ni mwanamke mkali lakini macho yake si mabaya. "Unaona? Mtoto ya miaka minne anatembea kama paka. Hii kunyamaza anaiona kila siku, itakuwa yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nitaenda na yeye."

Nilitaka kupinga. Nilikuwa nimelala tu nikiwaza kwamba anasema kweli. Loise aliondoka mgongoni mwa kukhu wake, yaani bibi, na gunzi likabaki chini ya kitanda. Yohana ndiye aliyelitoa siku alipofagia.

Kiangazi kilipofika, senge aliamua kwamba hospitali imeshindwa. Kuna mzee wa miti chini ya mlima Elgon, akasema, aliyewatibu wengi. Lakini kwetu pacha hatibiwi peke yake. Ukimpa mmoja dawa ukamnyima mwenzake, dawa hukataa kushika, au yule aliyenyimwa ndiye huugua. Hivyo Roda, mke wa mwalimu Petero, mwenye afya yake na sauti yake, alitoka Kibabii akaja kutibiwa ugonjwa wangu.

Tulinyolewa wote wawili siku moja, tukakaa kwenye ngozi moja. Vichwa vilipokuwa vipara tulifanana mpaka senge mwenyewe akaniita Roda. Dawa ilikuwa mizizi iliyochemshwa, chungu ya kukunja ulimi. Mimi nilikunywa kidogo nikatapika. Roda alikunywa yake yote, kisha akakichukua kibuyu changu akamalizia.

"Wacha hiyo, ni ya mwenzako," senge akamwambia.

"Si ni yetu wote, senge?" Roda akajibu, akacheka. Mimi nilidhani ni upendo, na upendo ulikuwemo. Senge hakucheka. Alimtazama Roda vile mtu anavyotazama sufuria inayotaka kufurika.

Haikunisaidia, ingawa Roda alisema kwamba yeye alilala vizuri wiki ile. Baada ya hapo walinihamishia Kibabii nikae kwa senge, nipelekwe hospitali ya Bungoma kwa sindano. Sindano zilinifanya nivimbe uso. Nilinenepa ovyo, tumbo na mashavu, miguu ikabaki vijiti. Watoto wa pale walidhani mimi ni mama yake Roda. Na senge hakuniacha. Kabla jua halijatoka alinivuta blanketi. "Amka."

"Siwezi, senge."

"Sijauliza kama unaweza. Amka ulie ukitembea."

Basi nililia nikitembea kwenda kisimani, nikalia nikichota, na wanawake waliokuwapo walisogea wakanipa nafasi, wakaendelea na habari zao. Nilimchukia senge. Mvua zikaja tena, zikapita. Siku moja, kati ya sindano moja na nyingine, mtu alikuwa akikaanga vitunguu nyumba ya jirani, nikasikia harufu, na nikasikia njaa. Nilisimama pale uani nikiogopa kusogea nisije nikaipoteza ile njaa. Roda alinikuta hivyo. Nilipomwambia alinikumbatia akalia sana, akalia kupita kiasi cha habari yenyewe.

Nilirudi Kitale wakati wa kuvuna, nikakata mabua pamoja na wengine. Wema wote nimeusema, lakini kitu kilichonirudisha kilikuwa kimoja. Tulikwenda Naitiri kumchukua Loise.

Alijificha nyuma ya kukhu wake. Alikuwa amekua, anazungumza kama kasuku, anaimba, anagombana na kuku. Hakuwa akitembea kwa vidole tena. Mama mkwe hakunitukana. Alinipa chai, akaniambia kwa upole, na upole ule ulinimaliza:

"Rebeka, mimi sikukatai. Lakini angalia mwenyewe. Wewe na Roda mlitoka tumbo moja, siku moja, sura moja. Yeye alilelewa na senge, ako mzima. Wewe ulilelewa na mama mgonjwa, ukawa mgonjwa. Kama ni damu, yeye pia angeugua. Si ndio? Kwa hivyo ni nyumba inaharibu mtoto. Unampenda Loise?"

"Nampenda."

"Basi wacha yeye hapa."

Tulirudi bila Loise. Wengine walikuwa na methali yao, mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini hata hiyo haikunifaa, ilikuwa mtego upande wa pili. Kama ugonjwa ni wa nyumba, basi Roda atakuwa mzima siku zote, na mtoto wangu lazima akae mbali nami ili naye awe mzima. Kama ni wa damu, umbali haufai kitu na Loise anaweza kurudi. Lakini hapo Roda naye ni mgonjwa, na mtoto wangu anao tayari. Niombe lipi? Nilipiga magoti kanisani nikakosa la kuomba. Kila barua ya salamu kutoka Kibabii iliposema Roda hajambo, nilishukuru, na moyo ukaanguka.

Niliishi hivyo misimu miwili ya mahindi. Ugonjwa ulirudi mara moja, mwepesi, nikajivuta mwenyewe kwenda kisimani nikilia. Mwishoni Yohana akasema neno hili liishe, akawaita watu kikao Kibabii baada ya mavuno. Tulikuwa sisi wawili, mama mkwe, senge, Roda na mumewe mwalimu Petero. Loise aliachwa nje acheze na watoto wa Roda.

Mama mkwe alirudia yale yale, kwa mpango, kidole kwa kidole. Mwalimu Petero alitikisa kichwa kukubali. "Hoja yake iko sawa," akasema. "Hata shuleni tunaona. Mtoto hufuata mazingira. Mfano mzuri ni mke wangu hapa."

Roda alikuwa amekaa mkekani, miguu imenyooka, akitazama mikono yake.

"Mimi si mfano," akasema.

Senge akamwahi. "Roda, nenda uangalie maji kama yamechemka."

"Maji yatachemka yenyewe, senge. Mimi ni mgonjwa. Tangu niko msichana wa shule."

Nje watoto walikuwa wakipigania kamba.

"Ati mgonjwa ya nini?" mama mkwe akauliza.

"Hiyo hiyo ya Rebeka. Hiyo ya mama. Kila mvua ya kwanza. Petero, wewe unajua ile malaria yangu ya kila mwaka?"

"Malaria," mwalimu akasema.

"Ulishaona mimi nikitetemeka? Ulishaona nikitoa jasho? Senge ndiye aliniambia niseme malaria, kwa sababu malaria haina aibu. Nikianza kuanguka ananiamsha. Ananipeleka kisimani kabla watu wa nyumba hawajaamka, ananiambia nilie huko nimalize. Kanisani ananisukuma mbele niongoze nyimbo, kwa sababu anayeongoza hawezi kunyamaza. Mimi naimba nikiwa sipo. Mwaka huu nimeimba nikiwa sipo miezi miwili." Akainua macho akaniangalia mimi, na nikajiona nilivyokuwa. "Nimechoka kuwa malaria."

Senge alifunika uso kwa leso. "Niliogopa," akasema ndani ya kitambaa. "Nilikuwa nimeona mama yenu. Nikasema huyu mmoja hatalala. Sikujua kama ni dawa. Niliogopa tu."

Mwalimu Petero aliondoka akasimama nje, mgongo kwetu. Mama mkwe aliutazama mgongo ule. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imezeeka, "Basi ni damu. Kama ni damu, Loise ako nayo hata akilala kwangu. Nilikuwa namchunga bure." Akasimama, akajikung'uta nguo. "Mchukueni."

Hivyo ndivyo nilivyompata mtoto wangu. Alirudishwa kwangu kama chungu kilichoonekana kina ufa, ambacho hakuna tena haja ya kukificha juu ya dari. Sikufurahi. Nilimshika Roda, mwili wake ulikuwa mzito na baridi, nikamwambia asante, na neno hilo halikufika popote.

Roda aliyalipia maneno yake. Mwalimu Petero hakumfukuza, na watu humsifu kwa hilo, lakini tangu mwaka ule anakula peke yake. Kanisani mwingine ndiye anayeongoza nyimbo. Waliambiana ni heri Roda apumzike. Mvua zikianza hupanda basi akaja kwangu Kitale, au mimi huenda kwake, tunaamshana. Kuna asubuhi tunayolia wote wawili njiani, wanawake wazima wenye sura moja, kila mmoja na debe lake kichwani. Wapitao njia na waseme watakavyo.

Watu huniuliza kama ni damu au ni malezi, na huuliza wakiwa tayari wamechagua. Mimi nimebaki na hiki: damu ilitufuata wote wawili, na mmoja wetu alikuwa na mtu wa kumvuta blanketi. Mama hakuwa naye. Baba alimpenda, akamfungia mlango. Ningemwambia yule mwanamke wa benchi asimwachie binti yake mlango uliofungwa, wala asimpe jina la malaria.

Loise aliporudi alikuwa na miaka saba. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni pa chumba changu, hakuingia.

"Mama," akasema, "leo unaongea ama unanyamaza?"

"Leo naongea."

Akaingia. Tangu siku hiyo aliuliza kila asubuhi, kama mtu anayeuliza kama kuna mvua. Mwanzoni nilidanganya. Baadaye nilichoka kudanganya, nikamwambia, "Leo nanyamaza," nikangoja aondoke kwa vidole. Aliingia vilevile. Aliketi kitandani, akaanza kunisimulia habari ya kuku wa kukhu aliyekalia mayai ya bata, akaisimulia mpaka nikaona haya kulala.

Sasa ni msichana mkubwa, anasoma, amenipita kimo. Wiki hii mvua za kwanza zimeanza. Jumatatu wenzake walipita wakimwita waende shule, hakuitika. Nilidhani amekwisha kwenda. Nilipotoka zizini niliona viatu vyake bado viko nje. Nikaenda, nikasimama mlangoni pake. Alikuwa amelala akitazama ukuta, mkono mmoja umeshika shingo ya sare ya shule ambayo alikuwa ameivaa nusu.

Nilishika mlango. Nilikuwa nimeingoja siku hii tangu alipozaliwa.

"Loise," nikamwambia. "Leo unaongea ama unanyamaza?"

Akaiachia shingo ya sare.

"Nanyamaza, mama."

Nikaingia, nikamvuta blanketi.